Mayai Yaliyosafiri, na Jinsi ya Kuyatotolesha

Siku hizi watu wengi wa shamba wamepata tamaa ya kufuga kuku wa mbegu iliyo bora kuliko ile waliyoachiwa na wazee wao, nayo ni tamaa njema. Mtu aliye Tanga husikia habari za kuchi wa bara, wale kuku warefu wenye shingo iliyosimama na miguu minene, naye hutaka kuwa nao. Mtu aliye Kakamega husikia habari za kuku wa kienyeji walioboreshwa katika kituo cha utafiti cha Naivasha, naye vivyo hivyo. Kununua kuku wazima na kuwasafirisha ni gharama kubwa, basi huagiza mayai. Mayai hufungwa, hupakiwa katika basi, hufika, hutiwa katika mashine au chini ya kuku, na baada ya siku 21 mwenyewe hupata vifaranga watatu katika mayai 30. Ndipo hunung'unika kwamba amedanganywa, ameuziwa mayai yasiyopata jogoo.

Pengine kweli amedanganywa. Lakini tumeona kwamba mara nyingi zaidi mayai yalikuwa mazima yalipotoka kwa mwenyewe, nayo yaliuawa na haraka. Haraka hiyo huja mara mbili: kwanza siku ile ya kuyapokea, na tena siku ile vifaranga wanapotaka kutoka. Twataka kueleza leo mambo hayo kwa urefu kidogo, kwa kuwa fedha inayopotea si haba, nao wanaoipoteza ni watu ambao hawana nyingine ya kurudia.

Hapana budi kwanza kujua kilichomo ndani ya yai. Kiini cha manjano kimeshikwa katikati na kamba mbili za ute uliosokotwa, moja huku na moja huku, kama machela iliyofungwa pande mbili. Juu ya kiini kuna doa dogo jeupe, nalo ndilo mbegu ya kifaranga. Yai likiwa limepata jogoo, doa hilo limekwisha kuanza kukua ndani ya tumbo la kuku kabla ya yai kutagwa, kisha likipoa hulala usingizi. Ndani ya ganda kuna tando mbili, moja imeshikamana na ganda na ya pili imeuzunguka ute. Upande ule mnene wa yai tando hizo zimeachana, na katikati yake pana chumba kidogo cha hewa. Ganda lenyewe lina matundu maelfu, madogo mno hata hayaonekani kwa macho, na kwa matundu hayo yai huvuta hewa na kutoa unyevu. Basi yai si jiwe wala si kikopo. Ni kitu kilicho hai kinachopumua.

Sasa fikiri safari. Yai limetoka Singida, limepita Dodoma na Morogoro, limegeuka Chalinze kushika njia ya Tanga, na mwisho limepanda pikipiki kuingia shambani. Kila shimo la njia hulitikisa. Zile kamba za ute huchoka, na kiini huyumba. Zile tando mbili huachana mahali pasipopasa, na chumba cha hewa huanza kutembea, badala ya kukaa mahali pake upande wa juu. Tena kuna joto. Mbegu hulala yai likiwa katika ubaridi wa digrii 21 za Celsius au chini yake; joto likizidi hapo huanza kuamka polepole. Ndani ya buti ya basi mchana wa jua mbegu huamka, na usiku basi likipita penye baridi hulala tena, na kesho yake huamshwa tena. Mbegu iliyoamshwa na kulazwa mara nyingi hivyo hufa kabla hata haijatiwa katika mashine, nawe ukilivunja yai lake utadhani halikupata jogoo kamwe.

Kwa hiyo kazi huanza kwa yule anayepeleka. Mwombe akupe mayai yaliyotagwa si zaidi ya siku saba, maana baada ya juma moja nguvu ya yai hupungua kila siku. Achague yenye umbo zuri na ganda gumu, asichukue makubwa mno wala yenye ganda la kukwaruza, wala asiyaoshe. Yai lina ukungu wa asili juu ya ganda lake uzuiao vijidudu, na maji huuondoa. Ayapange katika trei ncha ikielekea chini, juu na chini atie makapi makavu ya mpunga au karatasi zilizokunjwakunjwa, kisha atie trei ndani ya boksi la pili lililo kubwa zaidi, ili pawe na nafasi ya kulegeza kishindo. Boksi lisiwekwe katika buti karibu na injini, bali likae juu pamoja na abiria. Na ukiweza kumpa utingo chochote ili alitazame, si fedha iliyopotea. Tena uliza jambo moja ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, kuku wake wamepimwa ugonjwa wa kuhara kweupe? Ugonjwa ule hutoka kwa mama na kuingia ndani ya yai, na kifaranga huzaliwa nao, akawaua wenziwe wote.

Haya, boksi limefika. Hapa ndipo haraka ya kwanza. Mtu amengoja juma zima, mashine imekwisha kuwashwa tangu juzi, naye hutoa mayai katika makapi na kuyatia motoni saa ile ile. Twasema, usifanye hivyo. Yai lililotikiswa njia nzima ni kama mtu aliyeshuka katika lori baada ya safari ya siku mbili, mwache akae. Yatoe mayai moja moja, yapange katika trei ncha chini na upande mnene juu, uyaache yatulie muda wa saa 12 hata saa 24, bila kuyageuza, mahali penye ubaridi wa wastani. Digrii 15 hata 18 ndizo zinazofaa. Katika pwani ubaridi huo ni shida kuupata, basi tafuta chumba chenye kivuli, weka trei sakafuni karibu na mtungi wa maji, na ufungue dirisha usiku. Usiyatie katika friji. Ubaridi wa friji hupita kiasi. Na kabla ya kuyatia katika joto, yaache kwanza saa chache yapate joto la chumba, maana yai baridi likiingizwa ghafula katika hewa ya moto hutoka jasho, na jasho hilo huvuta uchafu kuingia ndani kwa yale matundu tuliyoyataja.

Muda huo wa kungoja si wa bure. Usiku, katika chumba chenye giza, mulika kila yai kwa tochi yenye mwanga mkali iliyozibwa pembeni kwa kitambaa, ukiweka upande mnene juu ya mwanga. Kwanza tazama nyufa. Yai lenye ufa uliopita mpaka kwenye utando litupe. Lenye ufa mwembamba kama unywele waweza kuliziba kwa tone la nta ya mshumaa, ukalijaribu bila kutumaini mno. Kisha tazama chumba cha hewa. Chora ukingo wake kwa penseli. Kikiwa mahali pake, kimetulia, yai hilo halikuumia. Kikiwa kimeshuka upande mmoja kama tandiko lililolegea juu ya punda, limeumia kidogo. Na ukiliinamisha yai ukaona hewa inakimbia huku na huku kama lile povu katika pima maji ya fundi mwashi, limeumia sana. Lakini hata hilo usilitupe, maana tumeona mengi ya namna hiyo yakitoa vifaranga.

Mtu mwenye kuku anayeatamia vizuri na asiye na umeme wa kutegemewa, sisi twamshauri amtumie kuku. Amkalishe juu ya mayai ya uongo siku mbili tatu kabla boksi halijafika, apate kuzoea kiota. Anyunyize majivu chini ya majani ya kiota kwa ajili ya utitiri. Na mayai yakiisha kupumzika, ayatie chini yake usiku, kumi au kumi na mawili, si zaidi. Kuku anajua joto, anajua kugeuza, wala hapigiwi kelele na mtu kukatika umeme. Lakini mayai 30 yanataka kuku watatu walioatamia siku moja, nao hawapatikani kila siku. Ndiyo maana watu hununua mashine.

Katika mashine yenye feni joto liwe digrii 37.5, yaani 99 na nusu za Fahrenheit. Katika mashine isiyo na feni hewa ya juu huwa na moto kuliko ya chini, basi kipima joto kiwekwe usawa wa mgongo wa mayai, nacho kisome kati ya 38.3 na 38.9, yaani 101 hata 102 za Fahrenheit. Usikiamini kipima joto cha bei ndogo kwa kuwa tu kimekuja na mashine. Kilinganishe na kipima homa ndani ya maji ya vuguvugu, ujue kimekosea kiasi gani. Ubaridi kidogo hukawiza vifaranga, lakini moto uliozidi huwaua. Joto likipita digrii 40 kwa muda wa saa chache hasara ni kubwa. Tukikumbuka watu wa Misri twaona haya kulalamika. Wao wametotolesha mayai kwa maelfu katika tanuri za matofali ya udongo tangu zamani za kale. Aristotle, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwisha andika habari za Wamisri kutotolesha mayai kwa joto la samadi, na Mfaransa Réaumur akaeleza tanuri zao katika kitabu chake cha mwaka 1749. Fundi wa tanuri hakuwa na kipima joto. Alilitwaa yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua kama moto umezidi au umepungua, na ujuzi huo baba alimrithisha mwana.

Jambo la kugeuza ndilo linalobishaniwa. Mayai yasiyosafiri hugeuzwa mara tatu au mara tano kila siku tangu mwanzo, ili kifaranga asigandane na utando. Lakini yai ambalo chumba chake cha hewa kimelegea, ukiligeuza mara moja, waendelea kulitikisa. Wengine huliacha siku saba bila kuligusa. Sisi twaona hiyo ni kupita kiasi, kwa sababu juma la kwanza ndilo hasa mbegu inapohitaji kugeuzwa, ili mishipa yake ya damu ipate kutanda vizuri. Shauri letu ni hili: mayai yenye chumba kilicholegea yasimame ncha chini katika trei ndani ya mashine, yasiguswe siku mbili za kwanza, au tatu ikiwa hewa ilikuwa ikikimbia, kisha yaanze kuinamishwa polepole, kuume na kushoto, kama mashua iliyofungwa inavyoyumba, asubuhi na adhuhuri na jioni, yakiwa yamesimama vile vile. Usiyalaze wala kuyabiringisha. Katika siku hizo chache chumba cha hewa hupata kushika mahali pake, au karibu na mahali pake.

Siku ya saba yamulike tena. Yai lenye uhai litaonekana na doa jeusi katikati na mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi. Lililo jeupe lote halina kitu. Lenye duara la damu tu limekufa. Ondoa yote mawili, yasije yakaoza na kupasuka ndani. Siku ya 14 yamulike mara nyingine. Kuhesabu siku kuna kosa dogo linalowaponza wengi: siku uliyoyatia mayai si siku ya kwanza. Siku ya kwanza hutimia saa ile ile kesho yake.

Juu ya unyevu wa hewa wengi huogopa bure, wakajaza maji kila pembe ya mashine. Yai linapaswa kupungua maji, kwa sababu chumba cha hewa lazima kikue mpaka kimtoshe kifaranga kuvuta pumzi yake ya kwanza. Siku 18 za mwanzo unyevu wa sehemu 50 katika 100 hivi watosha, na katika pwani wakati wa masika pengine hutahitaji kutia maji kamwe. Mizani ya duka husema kweli kuliko kipimo cha unyevu. Mathalani mayai 30 ya gramu 50 kila moja ni gramu 1,500 jumla. Hata siku ya 18 yanatakiwa kupungua sehemu 12 hivi katika 100, yaani gramu 180, na hizo ni gramu kumi kila siku. Yakipungua chini ya hapo, punguza maji, yakizidi, ongeza. Ukiisha kuondoa mayai mabovu, fanya hesabu upya kwa yale yaliyobaki. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi, ila usizibe matundu ya hewa, wala usifungue mlango kuchungulia. Saa mbili tatu za kupoa mayai huzivumilia.

Siku ya 18 acha kuinamisha. Ongeza maji mpaka unyevu ufike sehemu 65 au 70, ili utando usikauke wakati wa kutoka, kisha funga mlango. Yale mayai yenye chumba cha hewa kilichopinda yaache yasimame katika kipande cha trei kilichotobolewa chini. Yatatoka vizuri kuliko yakilala. Tangu hapo kazi yako ni kukaa.

Lakini kukaa ndiko kugumu, nasi twakiri kosa letu. Mama mmoja jirani yetu, mjane, aliuza mbuzi wake akaagiza mayai 30 ya kuchi, akatuomba tumsaidie kwa kuwa tulikuwa na vitabu. Mawili yalifika yamepasuka, tukatia 28. Siku ya saba tuliondoa sita yasiyo na kitu, na siku ya 14 matatu yaliyokufa, yakabaki 19. Siku ya 20, saa kumi ya alasiri, yai la kwanza lilitobolewa. Tukaona tundu dogo kama punje ya mtama, na kifaranga akilia ndani. Tulitazama kila nusu saa. Hata saa nne ya usiku tundu lilikuwa vile vile, na sauti imekuwa ndogo. Tukasema, huyu amechoka, anakufa. Tukalitoa yai, tukaanza kubandua ganda kwa ukucha. Kipande cha tatu kilitoka pamoja na damu, nyekundu kabisa, na haikukoma. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa, na kiini chake kingali nje ya tumbo.

Mama yule alikuwa mkunga wa kijiji kwa miaka mingi. Hakutulaumu. Alisema tu, "Wengine tuwaache, baba. Mtoto ana saa yake, hata tumbo likiwa la chokaa."

Alikuwa amesema kweli kuliko vitabu vyetu, au tuseme vitabu vilikuwa vimesema vile vile nasi hatukusoma vizuri. Maana mambo ndivyo yalivyo. Kifaranga anapokaribia kutoka hukiweka kichwa chake chini ya bawa la kuume, kisha huuchoma utando wa ndani na kuingiza mdomo katika chumba cha hewa. Hapo mapafu yake huanza kazi, na ndipo unaposikia sauti. Baada ya saa 12 hata 24 hutoboa ganda kwa jino dogo gumu lililo juu ya mdomo wake, jino ambalo huanguka siku chache baadaye. Kisha hunyamaza. Hutulia saa 12, pengine 24, na mwenye kutazama hudhani ameshindwa. Lakini katika saa hizo anafanya kazi kubwa kuliko zote: damu iliyokuwa ikizunguka katika mishipa ya utando inarudi mwilini mwake, na kiini kilichosalia kinaingia tumboni kwa njia ya kitovu. Ukimtoa kabla ya hapo, umekata mishipa iliyo hai. Kazi ile ikiisha, huanza kuzunguka ndani ya yai akikata ganda kama mtu afunguaye kifuniko cha kopo, na mara nyingi kwa saa moja huwa amekwisha kusukuma na kutoka, akaliacha kaka tupu.

Basi usiku ule tuliketi mikono mapajani. Yai la pili lilitobolewa saa tano ya usiku. Hata kesho yake saa tisa ya alasiri halijaongezeka kitu, kisha lilianza, na kabla ya saa kumi kifaranga alikuwa nje.

Hatusemi kwamba msaada ni haramu. Mayai yaliyosafiri huwa na vifaranga waliokaa vibaya kuliko mayai mengine, kwa sababu chumba cha hewa kilichopinda humpoteza njia kifaranga. Wako wanaotoboa upande wa ncha, mbali na hewa. Wako ambao utando umewakaukia na kuwabana kama ngozi ya ngoma. Hao pengine hufa wasiposaidiwa. Msaada wafaa ikiwa saa 24 zimepita tangu ganda kutobolewa wala hakuna maendeleo, au utando unaoonekana tundumi umekuwa wa kahawia na mkavu kama karatasi. Kifaranga aliyetoboa upande wa ncha usimkimbilie, maana wengi hutoka wenyewe. Mtazame tu kwa uangalifu zaidi. Tena yupo yule unayemsikia akilia ndani, na saa 24 zimepita bila kutoboa ganda. Huyo mtobolee wewe tundu dogo kama kichwa cha pini, juu ya chumba cha hewa ulichokichora kwa penseli, apate pumzi, kisha umrudishe.

Namna ya kusaidia ni hii. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa katika chumba chenye joto kisicho na upepo, na mlango wa mashine ufunguliwe upesi na kufungwa upesi, kwa sababu kila ukiufungua unawakausha waliobaki. Ondoa ganda polepole juu ya chumba cha hewa tu, wala usiguse utando mweupe. Kisha lowesha utando huo kwa pamba iliyotiwa maji ya vuguvugu, au tone la mafuta safi ya nazi, ukijihadhari na matundu ya pua. Ukilowa utauona ndani. Ikiwa waona mishipa myekundu, acha pale pale. Mrudishe na kitambaa kibichi pembeni, ungoje saa nne au sita, kisha tazama tena. Damu ikitoka, gandamiza taratibu kwa pamba kavu mpaka ikome, ukamrudishe. Mishipa ikiwa imetoweka na utando ni mweupe mtupu, ufunue mdomoni na kichwani, ukiishie hapo. Sehemu iliyobaki, kuanzia mabega kwenda chini, mwachie mwenyewe aisukume kwa miguu yake. Kusukuma huko kunamtia nguvu, na kama kitovu hakijafunga bado, wewe hukukivuta.

Mmoja tulimsaidia hivyo kwa mama yule. Saa 26 zilikuwa zimepita, na utando ulikuwa umemkamata mdomo. Tulimfunua kichwa saa saba ya usiku, akalala, na alfajiri tulimkuta amejitoa, miguu yake dhaifu kidogo kwa siku mbili, kisha akawa kama wenzake. Jumla walitoka 15. Nusu ya mayai yaliyonunuliwa, nayo ndiyo hesabu ambayo wafugaji wazoefu huitegemea kwa mayai yaliyotoka mbali. Anayekuahidi zaidi ya hapo mwulize mayai yake husafiri kwa njia gani.

Wakiisha kutoka, usiwatoe katika mashine mpaka manyoya yakauke. Hawafi njaa upesi, kwa sababu kile kiini kilichoingia tumboni huwalisha siku mbili hata tatu. Ndiyo sababu tangu mwaka 1918 posta ya Marekani imekubali kupeleka vifaranga wa siku moja katika mabunda kama barua. Na mtu aliye karibu na kituo kinachouza vifaranga afikiri vizuri kama hawamfai kuliko mayai. Hata hivyo usiwacheleweshe makusudi. Wape maji kwanza, kisha chakula laini, na mahali pa kulala penye digrii 32 hata 35 kwa juma la kwanza. Wakijikusanya chini ya taa wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wanaona moto. Chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, mwulize Bwana Mifugo wako lini aitie, usingoje mpaka kuku wa jirani waanze kupinda shingo.

Yamebaki mayai ambayo hayakutoka. Wengi huyatupa shimoni kwa hasira. Yangoje mpaka mwisho wa siku ya 22 au 23, kisha yapasue moja moja nje ya nyumba, na uandike ulichokiona. Kama ni kiini kitupu, yai halikupata jogoo au mbegu ilikufa njiani. Kama ni kifaranga mkubwa amezungukwa na maji mengi, unyevu wako ulizidi. Kama amekauka na kushikwa na utando, ulifungua mlango mara nyingi mno. Kama kichwa kiko upande wa ncha, huo si uvivu wako wala ulaghai wa mwuzaji. Kwa mama yule matatu yaliyobaki yalikuwa hivi: mawili vichwa vyao viko nchani, na moja kifaranga amekamilika, mdomo wake umeingia katika chumba cha hewa, wala hakutoboa ganda. Aliyaandika yote nyuma ya risiti ya basi, akampelekea mwuzaji aliyeko Singida pamoja na fedha za trei ya pili, akamwagiza kwamba safari hii boksi likae juu pamoja na abiria.